Usimmalize wa Mwisho

Jumapili, 1 Machi

Nimekufa mara kumi na moja leo. Zote wimbi la tisa. La nane napita nikitweta, la tisa wananikuta dirisha la jikoni, nageuka, risasi zimeisha, kwisha habari yangu.

Gemu ni ya shemeji yangu kinyozi, mdogo wake mke wangu. Aliileta wiki tatu zilizopita, akasema ni kwa muda tu. Naye mwenyewe alikuja nayo kwa muda tu. Wote wawili bado wapo sebuleni.

Maelezo ni mepesi hata kwa mtu mzima. Uko ndani ya nyumba yenye madirisha sita yaliyopigiliwa mbao. Mazombi wanakuja kwa mawimbi. La kwanza sita, la pili kumi, baada ya hapo unaacha kuhesabu. Wanang'oa mbao, wanaingia, unawapiga. Ukimmaliza wa mwisho, kengele inalia na unapewa sekunde thelathini za kupigilia mbao upya, kuokota risasi na kuvuta pumzi. Halafu linakuja wimbi jingine, kubwa kuliko lile. Hakuna kushinda. Unaishi tu mpaka wakupate.

Mke wangu ni mwalimu wa kemia. Alikuwa anasahihisha madaftari, akauliza kuna raha gani katika mchezo ambao hakuna anayeshinda. Nimemwambia hawezi kuelewa.  Jibu limenijia baadaye nikipiga mswaki. Raha si kupiga risasi. Raha ni zile sekunde thelathini. Nyumba kimya, madirisha yamefungwa, kila aliyekuwa anakutaka amelala chini. Mimi nimekuwa karani wa dirishani kwa miaka kumi na minne na sijawahi kupewa hata sekunde kumi.

Shemeji amefika wimbi la ishirini na saba, tena simu akiwa ameibana begani anapatana na mteja. Imeniuma. Nikambembeleza anipe siri, nikamwahidi kiti changu cha mbele ya runinga. Akafikiri, akakubali. Siri ni hii: usimmalize wa mwisho. Mpige miguu tu, basi. Atatambaa. Atakufuata polepole nyumba nzima na hana madhara. Maadamu yuko hai, kengele hailii na wimbi jipya haliji. Unapigilia mbao zako kwa nafasi. Ukitaka hata chai unakunywa.

Nikanyakua padi ya kuchezea. Mwili ulinisisimka.

Nimefika wimbi la kumi na nne! Mke wangu akainua macho, akamtazama yule anayetambaa kwenye zulia, akauliza huyo naye ana shida gani na kwa nini hakuna anayemsaidia. Nikamwambia huyo ndiye anayetuweka hai. Akarudi kwenye madaftari yake.

Jumatatu, 2 Machi

Siku kubwa. Niiandike kwa mpangilio.

Jambo la kwanza. Ofisi yetu inatoa vyeti vya kuzaliwa. Ukumbi una viti ishirini na madirisha mawili ya kuhudumia. La kwanza ni la mwenzangu ambaye wateja wamempachika jina la Bi Umeme, kwa jinsi anavyowahudumia chapuchapu. La pili ni langu. Jina nililopachikwa mimi silijui na sijauliza.

Mwaka jana watu walisukumana mlangoni mpaka kioo kikavunjika. Tangu hapo Mkuu wa Kituo ametoa amri: mlinzi aingize watu ishirini, afunge mlango, asifungue tena mpaka wote ishirini wawe wametoka. Wote. Mlinzi wetu aliwahi kuwa jeshini, au ndivyo anavyosema, na amri kwake haina mjadala.

Mwaka mzima nimefanya kazi chini ya amri hiyo bila kuona chochote. Leo saa mbili na robo mlango umefunguliwa, wameingia ishirini, wamenyoosha mikono mbele na karatasi zao, wanakuja dirishani kwangu wakiburuta viatu. Nikashika kaunta. Mawimbi!

Jambo la pili. Ubaoni kuna tangazo. Nafasi ya Msimamizi wa Ukumbi. Chumba chake, mlango wake, ufunguo wake, kiti cha kuzunguka. Maombi yafike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Nimesoma aya ya kwanza, imenitosha. Zilizobaki ni maandishi madogo. Mpinzani ni mmoja tu, Bi Umeme, na mke wangu ameshamwambia mama yake kwamba nafasi nimepata. Kwa hiyo lazima niipate.

Jambo la tatu. Asubuhi Mkuu alituita, akasema anatafuta mtu wa kuleta utulivu ukumbini. Mkuu anatusimamia kupitia kioo cha ofisi yake, na kioo kile kinaonyesha ukumbi tu. Nje hakionyeshi. Utulivu. Neno hilo nimeliandika na kulipigia mistari miwili.

Basi. Kufikia saa nne, watu kumi na tisa walikuwa wametoka. Wa ishirini alikuwa mzee mmoja wa koti la kijivu, ameketi nyuma, mkoba magotini. Anataka cheti cha kuzaliwa, cha kwake kimepotea. Nikafungua daftari kuu. Amezaliwa tarehe 31 Septemba. Nikahesabu miezi kwa vifundo vya ngumi, nikarudia. Septemba ina siku thelathini. Karani fulani miaka hiyo aliamua kuiongezea moja. Kompyuta imekataa katakata. Dawa yake ni fomu ya marekebisho na sahihi ya Mkuu, kazi ya dakika tano.

Nikamtazama vizuri. Mpole. Goti la kushoto bovu, mguu anauvuta. Nikamwambia suala lake ni zito, linahitaji utafiti, asubiri kidogo. Akasema hana haraka.

Hana haraka!

Mlango haukufunguliwa mpaka saa nane. Muda mzima wa saa nne! Nimepanga droo. Nimechonga penseli zote, na ya Bi Umeme moja. Nimesafisha mhuri kwa pini na imeonekana tarehe. Bi Umeme amekaa mikono kifuani, hana mteja hata mmoja, akaniuliza mara tatu kama nimemaliza na yule mzee. Nikamjibu utafiti unaendelea. Mkuu akatokea kwenye kioo, akatazama ukumbi mtupu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kukaa.

Saa nane nikamwambia mzee arudi kesho, tukamaliza wimbi moja dogo, tukafunga. Nyumbani nimeingia nikipiga mbinja.

Jumanne, 3 Machi

Nimempanga mlinzi: Mzee wa Koti aingie wa kwanza kila siku, kwa heshima ya umri wake. Mlinzi akapiga saluti.

Leo nimemwekea mto kwenye kiti. Nimempa chai kwa kikombe changu mwenyewe. Nimemhamisha kiti mara tatu asije akasinzia, maana kwenye gemu anayetambaa lazima azungushwezungushwe, akikaa sehemu moja unampoteza. Mzee hakulalamika. Kila akihama ananishukuru.

Saa tano Bi Umeme uvumilivu ukamwishia. Akaingia kwa Mkuu. Nilimsikia kupitia ukuta: foleni nje inakua, yeye amekaa bure, mzee wa watu anazungushwa kwa kosa la tarehe. Roho yangu ilikuwa juu. Mkuu akaja kwenye kioo. Alichokiona ni mzee mmoja kwenye mto anapuliza chai, na karani amemwinamia anamuuliza kama sukari imetosha. Mkuu akatoka mzimamzima mpaka ukumbini. Akasema mbele ya Bi Umeme kwamba haraka haraka si kila kitu, na kwamba wako watu wenye moyo wa huduma.

Niliporudi dirishani kwangu, Bi Umeme akaniangalia kuanzia utosini hadi unyayoni, ingawa kuanzia kiunoni kaunta inanificha.

Baada ya chakula nimecheza mpaka wimbi la kumi na tisa. Shemeji alikuwa ananoa visu vya mashine yake ya kunyolea, akaniambia niangalie, mawimbi hayafutiki, yanasubiri tu. Tena yule wa kutambaa ukimsahau mgongoni ndiye huyo huyo anayekumaliza. Nimemwambia yeye anyoe watu, mambo ya mikakati atuachie sisi.

Jumatano, 4 Machi

Mambo yanazidi kuninyookea.

Mzee wa Koti amechoka kukaa bure. Tangu asubuhi anawasaidia wenzake kujaza fomu. Anawaonyesha wapi pa kuandika jina la baba, wapi pa kutia sahihi, asiyejua kusoma anamsomea. Matokeo yake kumi na tisa wote wamekwisha saa tatu na nusu. Saa tatu na nusu! Zombi wangu ananiongezea mapumziko. Kwenye gemu hilo halipo, nitamwambia shemeji.

Ila ana maneno yake. Alipomaliza chai ya kwanza akaniambia kwa upole kwamba fomu ya marekebisho kwa kawaida huwa rafu ya chini, mkono wa kushoto, chini ya karatasi za kaboni. Nikainama kuangalia. Ipo. Sijui amejuaje. Nimeihamishia rafu ya juu kabisa.

Pia anaandika. Ana kijitabu kidogo, anatazama saa ya ukutani, anaandika, anakifunga. Nikamuuliza anaandika nini, akasema kumbukumbu tu. Watu wa umri ule wanapenda kumbukumbu.

Akaniambia cheti angekihitaji kabla ya Ijumaa saa sita, kuna karatasi zake fulani anataka ziende pamoja. Nikashangaa. Saa ile ile ya maombi yangu! Dunia ina mambo.

Kisha, bila kuulizwa, akasema tangu astaafu hakuna mtu nyumbani anayemuuliza kitu. Watoto wanamwambia apumzike. Akigusa bomba linalovuja wanamwambia apumzike. Hapa kwa siku tatu ameulizwa na watu thelathini na wanne, amewahesabu. Sauti ilimshuka alipofika hapo, akajifanya anatafuta kitambaa mkobani.

Iliniuma, nakiri. Nilisimama kabisa nikavuta stuli, mkono umeshafika rafu ya juu. Ndipo nikamwona Mkuu kwenye kioo anatutazama sisi wawili na kutabasamu. Nikashuka na kifurushi cha majani ya chai.

Alhamisi, 5 Machi

Barua ya maombi tayari. Nimeiandika hapohapo kaunta, muda ninao. Sehemu nzuri zaidi ni hii: "Chini ya uangalizi wangu, ukumbi umekuwa na utulivu ambao haujawahi kuonekana tangu kituo kifunguliwe." Kila neno ni kweli.

Nilitaka mtu mzima aipitie kabla sijaipeleka. Mke wangu angecheka. Bi Umeme haiwezekani. Nikampa Mzee wa Koti. Akavaa miwani, akaisoma taratibu mara mbili. Akanishauri niondoe mstari unaosema nimezaliwa kiongozi, na mwingine kuhusu nyota yangu. Akausifu mwandiko. Halafu akaniuliza kama nimelisoma tangazo lote. Nikamwambia bila shaka. Akanitazama juu ya miwani, akakunja barua vizuri, akanirudishia. Nimeiweka droo ya kaunta. Kesho nitaikabidhi mkononi kwa Mkuu saa tano na nusu, nikiwa nimevaa tai.

Saa saba mlinzi alikuja dirishani na ripoti. Foleni imepita duka la vocha, imekata kona, imefika gereji. Watu wamekuja na vistuli. Kuna mwanamke ameanzisha orodha ya majina na anaisoma kila baada ya nusu saa, asiyeitika anakatwa. Akauliza afungue. Nikamuuliza kuna wangapi ndani. Akatazama ukumbi, akahesabu kwa kidole, akasema mmoja. Nikamuuliza amri inasemaje. Akapiga saluti akarudi mlangoni. Huyu mtu laiti angekuwa na vyeti, angefika mbali.

Nyumbani wimbi la ishirini na tatu. Mke wangu akaniuliza nikipewa chumba chenye mlango nitakifanyia nini. Nimemwambia nitaufunga. Akauliza halafu. Swali la ajabu.

Ijumaa, 6 Machi

Naandika huku nimefunga mlango.

Saa tano na nusu nilikuwa nimevaa tai. Ukumbi mtupu, Mzee kwenye mto, chai ya pili. Nikanyoosha mkono kuelekea droo. Ndipo nikasikia kitu kinagonga kioo. Si mlangoni. Dirishani. Nikageuka. Kwenye dirisha la kwanza la ukumbi kulikuwa na sura ya mtu, pua imebanwa kwenye kioo, viganja viwili juu. Kwenye la pili sura tatu. La tatu sikuhesabu. Madirisha ya nje ya ukumbi wetu ni sita. Katika miaka kumi na minne sikuwahi kugundua kwamba ni sita.

Wakaanza kupiga vioo. Mkuu akatoka ofisini mbio, kalamu mkononi. Akatazama madirisha, akatazama viti vitupu, akauliza mbona mlango umefungwa. Mlinzi akakakamaa, akasema kwa sauti ya gwaride kwamba ndani bado yuko mtu mmoja. Sote tukamgeukia Mzee wa Koti. Mzee akaweka kikombe chini polepole.

Mkuu akauliza huyu ni mteja wa nani.

Bi Umeme akanyoosha kidole kuelekea dirishani kwangu. 

 Nikapanda stuli, fomu ya marekebisho, nikaandika 30 Septemba, nikamsukumia Mkuu akatia sahihi akiwa amesimama, nikapiga chapa, mhuri, tayari. Dakika nne! Sijawahi kuwa na kasi hiyo maishani. Nikamkabidhi Mzee cheti chake kwa mikono miwili, nikamwomba kwa macho aende zake.

Hakwenda. Alikisoma kwanza, tarehe, jina, jina la baba. Akanishukuru. Akafungua mkoba, akatoa bahasha kubwa ya kaki, akakitia cheti ndani, akaifunga kwa gundi, akavuta mguu mpaka kwa Mkuu, akamkabidhi. Nikajua ni barua ya shukrani juu yangu. Nikarekebisha tai.

Kwa kuwa sasa hakukuwa na mteja yeyote ndani, mlinzi akapiga saluti, akafungua mlango.

Sitaki kuyaeleza yote. Hawakuwa ishirini. Mlinzi alihesabu mpaka tisa, kofia ikamtoka. Walikuja kwangu moja kwa moja, karatasi mbele, wengine wameshika vistuli. Nikafanya kile ambacho mchezaji yeyote wa wimbi la ishirini na tatu angefanya. Nikakimbilia chumba cha chai, nikafunga mlango, nikausogezea kabati la faili.

Kimya. Nilikuwa na birika, sukari na stuli. Nilijisifu kwa nusu dakika hivi. Kisha nikakumbuka kwamba barua yangu iko kwenye droo. Saa ya ukutani mle ndani ilikuwa sita kasoro dakika saba.

Nikatega sikio. Nje palikuwa patashika, sauti juu ya sauti. Halafu sauti moja ikaanza kupanda juu ya zile nyingine, si kwa ukali. Ilisema waliopoteza vyeti wakae upande huu. Vyeti vipya upande ule. Wenye makosa ya majina na tarehe waketi kwenye viti, wasiwe na hofu, fomu yao ipo. Wazee na wenye watoto mbele. Baada ya dakika kumi zilikuwa zimebaki sauti za kalamu na Bi Umeme akiita majina. Nikajua Mkuu amejitosa mwenyewe. Nikasogeza kabati inchi moja, nikachungulia.

Alikuwa Mzee wa Koti. Ameketi kwenye kiti changu, dirishani kwangu, miwani puani, fomu amezipanga makundi matatu. Mkuu amesimama nyuma yake anatia sahihi anazoonyeshwa.

Nikarudisha kabati.

Saa saba mlango ukagongwa. Bi Umeme. Akauliza kama nimo. Nikajifanya simo. Akasema anajua nimo, na mhuri wa dirisha la pili nimekimbia nao. Nikapapasa mfukoni. Kweli. Akasema niupitishe chini ya mlango. Haukupita. Ikabidi nifungue upana wa kiganja, nikautoa mhuri, akaupokea, akanitazama kupitia mwanya ule bila hata kunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilitoka saa tisa na nusu, ukumbi umefagiliwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye droo. Tupu! Mlinzi akaniambia Mzee wa Koti alipokuwa anatafuta kalamu aliikuta barua yangu, akaangalia saa, akampa Mkuu mkononi saa sita kasoro dakika mbili. Alisema kijana asije akakosa nafasi kwa sababu ya vurugu.

Nina miaka arobaini na moja. Nimekaa kidogo kwenye kile kiti chenye mto kabla ya kurudi nyumbani.

Jumamosi, 7 Machi

Nimefika wimbi la ishirini na sita. Madirisha yote yamefungwa, risasi zimejaa, nimeweka padi chini ninywe chai. Yule wa kutambaa akanifikia kwa nyuma. Nilikuwa nimemsahau.

 Shemeji alipuliza chai yake tu, kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mama mkwe amepiga simu kunipongeza. Mke wangu ameipokea, akamwambia mambo ya serikali huchukua muda.

Jumatatu, 9 Machi

Matokeo yamebandikwa saa tatu. Msimamizi wa Ukumbi ni Mzee wa Koti.

Nikalisoma tangazo la zamani lote, pamoja na maandishi madogo. Aya ya tatu: wastaafu wenye uzoefu wanakaribishwa kuomba, mkataba wa miaka miwili, waambatishe cheti cha kuzaliwa. Uzoefu anao. Amekaa dirishani miaka thelathini katika kituo kingine, na huko pia fomu ya marekebisho inakaa rafu ya chini kushoto. Kumbe vituo vyote ni hivyo. Ndani ya ile bahasha kulikuwa pia na ripoti ya kurasa tano kuhusu ukumbi wetu, yenye saa na dakika. Bi Umeme ameisoma na kunisimulia kwa hisani yake. Mimi nimo ukurasa wa pili: "Karani wa dirisha la pili ni mkarimu, chai yake ni nzuri, apewe kazi."

Nilichoshindwa kumeza ni hiki. Ningemmaliza Jumatatu iliyopita kwa dakika tano, asingeona lolote la kuandika. Ningemzuia dakika kumi zaidi Ijumaa, maombi yake yasingekamilika. Nimemwachia katika dakika pekee iliyokuwa mbaya.

Saa nne Mzee akaniita. Nikaingia kwenye chumba chenye mlango. Kiti kinazunguka kweli. Akanimiminia chai yeye, akaniambia alinijua tangu Jumatatu ile ile, kabla ya kikombe cha kwanza. Enzi zao nao walikuwa na mteja wa kumchelewesha namna hii, akasema, walikuwa wanamwita mteja wa chai. Yeye mwenyewe aliwahi kumweka bibi mmoja siku sita. Bibi yule alikuwa anataka cheti cha mjukuu aanze shule, na shule ikafungua bila mjukuu. Hajamsahau sura yake. Ndiyo maana hakukasirika na mimi. Alitaka tu kujua ni siku ipi nitapanda ile stuli bila kusukumwa. Jumatano alidhani ni siku hiyo. Aliposema hivyo nikatazama ndani ya kikombe. Akaniomba tushirikiane. Nikamwahidi, na wakati naahidi nilikuwa namaanisha.

Amri yake ya kwanza: hakuna tena kuingiza watu ishirini ishirini. Mlango uko wazi siku nzima. Kiti kikibaki kitupu, anaingia mtu mmoja. Wanaendelea hivyo hivyo bila kukatika, mmoja anatoka, mmoja anaingia. Hakuna mawimbi. Hakuna kengele. Hakuna sekunde hata moja! Kufikia saa saba nilikuwa nimehudumia watu hamsini na wawili na kiganja kimefanya lengelenge. Bi Umeme anaimba.

Jioni nimeyawaza yote kwa utulivu, padi mkononi. Mbinu haina kosa. Mzee mwenyewe amekiri waliitumia. Kosa langu lilikuwa moja, idadi. Zamani mlango ulifungwa kwa mtu mmoja. Sasa mtu anaingia pale tu kiti kinapobaki kitupu. Viti ni ishirini. Nikiwapata ishirini wapole, wasio na haraka, na kila mmoja na mto wake, hakuna kiti kitakachobaki kitupu, na hakuna atakayeingia tena.

Nilikuwa nimeanza, kumbe, bila kujua. Saa nane mchana alikuja mama mmoja mwenye kikapu. Amezaliwa tarehe 30 Februari. Nikamwambia suala lake ni zito, linahitaji utafiti. Akasema hana haraka.

Bado kumi na tisa.